Foraji Ichimbwe Wapi? Mwongozo wa Kuchagua Tatizo la Kweli kwa Algorithimu Zako

Anayejifunza algorithimu za kutafuta jibu bora huanzia karibu kila mara kwenye tatizo lile lile: mchuuzi ana miji kadhaa ya kupitia, atafutiwe njia fupi kuliko zote. Miji yenyewe ni nukta za kubahatisha kwenye skrini. Programu inakimbia, mistari inanyooka, mwanafunzi anafurahi, na mambo yanaishia hapo. Mchuuzi hayupo, miji haipo, wala hakuna mtu anayesubiri jibu.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekwisha kupita hatua hiyo, au unayetaka kuiruka. Ukiwa Kipushi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo (DRC), au Lubumbashi iliyo kilomita 30 hivi kutoka hapo, matatizo ya aina hii unapishana nayo kila asubuhi: foleni ya bidoni kisimani, lori la bidhaa lililopita kartie (mtaa) moja mara mbili bila sababu, pampu inayongoja umeme wa shirika la SNEL urudi, ratiba ya shule inayomtaka mwalimu mmoja awe kwenye madarasa mawili saa ile ile. Na chini ya mji kuna mgodi ambao tangu mwaka 1924 umekuwa ukiwauliza wakuu wake swali hilo hilo kwa sura nyingi: tuchimbe wapi kwanza, kwa gharama gani, ili tupate nini. Kompyuta ya mkononi iliyochoka na lugha ya Python, ambayo ni ya bure, zinakutosha kuanza.

Nitangulize msimamo wangu. Kazi ngumu katika fani hii ni kuamua jibu bora lipimwe kwa kipimo gani, na kipimo hicho kinamfaa nani. Algorithimu huja baadaye, na mara nyingi ndiyo sehemu nyepesi. Ukikosea kipimo, algorithimu itakupa jibu baya kwa haraka sana, tena likiwa limepambwa kwa tarakimu.

Mambo matatu ya kuandika kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi. Andika kwanza uamuzi wenyewe: ni kitu gani hasa kinachoweza kubadilishwa, na nani ana uwezo wa kukibadilisha? "Maji Kipushi" si uamuzi. "Foraji mbili, yaani visima virefu vya mashine, zitakazochimbwa kwenye kartie yetu ziwe kwenye viwanja gani kati ya hivi tisa" ni uamuzi. Usipoweza kumtaja mtu au ofisi itakayosema ndiyo au hapana, bado huna tatizo la kukokotoa. Una malalamiko, ambayo yana haki yake lakini hayaingii kwenye programu.

Pili, andika masharti: yale ambayo jibu haliruhusiwi kuyavunja hata likiwa zuri namna gani. Fedha zilizopo. Saa za umeme. Kiwanja chenye mgogoro. Tatu, andika kipimo: namba moja ambayo ikipungua, au ikipanda, wote mtakubali kwamba hali imekuwa afadhali. Hapa usiharakishe. Nenda ukawaulize watu watakaoishi na jibu hilo, maana kipimo kilichoandikwa mezani na kipimo anachokitaja mama aliyebeba bidoni ya lita 20 mara chache hufanana.

Tatizo zuri la kuanzia lina sifa ambazo ni rahisi kuzitambua. Data yake unaweza kuikusanya kwa miguu yako na simu yako. Jibu lake linaweza kukaguliwa na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, ambaye atakuambia mara moja kwamba barabara uliyoichora haipitiki. Na likipatikana, kuna mtu anayeweza kulitumia mwaka huu huu. Kumaliza msongamano wa magari Lubumbashi nzima, kuanzia Ruashi hadi Katuba, hakuna hata sifa moja kati ya hizo. Kuache kwanza.

Foraji: tatizo ninalokusihi uanze nalo

Kuna sehemu kubwa ya wakazi wa miji ya Katanga ambao hawana bomba la REGIDESO, shirika la maji, uani. Wanachota kwenye visima vya kuchimbwa kwa mkono, ambavyo vingine hukauka mwishoni mwa kiangazi, au kwenye foraji zilizochimbwa na mashirika, makanisa, makampuni na watu binafsi. Foraji ni ghali. Ikishachimbwa haihami. Kwa hiyo mahali pake panastahili kufikiriwa kwa makini kuliko inavyofanyika mara nyingi, ambapo foraji huangukia kwenye kiwanja cha yule aliyekuwa karibu na mfadhili.

Tuchukue mfano wa kubuni, mdogo kiasi cha kukokotolewa kwa kalamu. Kuna barabara moja iliyonyooka. Mwanzoni kabisa kuna kaya 120. Mita 200 mbele kuna kaya 90. Kwenye mita 400 kuna kaya 60. Halafu kuna pengo, na kule kwenye mita 1,500 kuna kaya 10 zilizohamia juzi kwa sababu viwanja vya huko ni rahisi. Foraji inaweza kuchimbwa kwenye mojawapo ya sehemu hizo nne. Una fedha za foraji mbili.

Ukichagua kipimo cha kawaida, yaani jumla ya mwendo wa kaya zote hadi kwenye foraji iliyo karibu, una michanganyiko sita tu ya kujaribu. Ijaribu yote. Utaona kwamba jozi inayoshinda ni ile ya mwanzoni na mita 200: jumla ni mita 25,000, wastani wa mita 89 hivi kwa kila kaya. Programu itaandika "jibu bora" na itakuwa imesema kweli kabisa kwa mujibu wa ulichoiuliza. Lakini zile kaya 10 za mwisho bado zinatembea mita 1,300 kwenda na mita 1,300 kurudi na maji kichwani, kama vile foraji ya pili haikuchimbwa. Fedha mara mbili, na kwao hakuna kilichobadilika.

Sasa badilisha kipimo. Angalia mwendo wa yule aliye mbali kuliko wote, uupunguze huo. Jozi inayoshinda ni mita 200 na mita 1,500. Jumla inapanda hadi mita 36,000, na wastani unafika mita 129 hivi. Kwa ongezeko la mita 40 kwenye wastani, mwendo mrefu kuliko wote umeshuka kutoka mita 1,300 hadi 200. Hakuna algorithimu itakayokuambia ni jibu lipi kati ya hayo mawili ni la haki. Kuna atakayesema kaya 10 ni chache, tusubiri. Kuna atakayesema waliokwisha kuwa karibu na maji waongezewe mita chache, wengine nao wapumue. Mimi niko na huyu wa pili, lakini kazi yako wewe ni kuyaweka majibu yote mawili mezani, na bei ya kila moja, mbele ya shefu wa kartie na wakazi, wachague wakijua wanachokichagua.

Njia ya kati ipo pia, na ndiyo inayotumika sana: weka sharti kwamba asiwepo mtu wa kutembea zaidi ya mita fulani, halafu ndani ya sharti hilo punguza jumla. Igeuzegeuze namba ya sharti uone jumla inavyopanda na kushuka. Mchoro huo mmoja utakufundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu.

Ukitoka kwenye mfano na kwenda kwenye kartie ya kweli, hesabu inakua haraka. Kuchagua viwanja 5 kati ya 30 kuna michanganyiko 142,506, nayo kompyuta yako itaimaliza yote ukiwa hujamaliza chai. Kuchagua 10 kati ya 60 kuna michanganyiko zaidi ya bilioni 75, na hapo ndipo unapohitaji ujanja. Anza na njia ya pupa: weka foraji ya kwanza mahali panapopunguza mwendo zaidi, kisha ya pili, kisha ya tatu, bila kurudi nyuma. Ikishamaliza, fanya ubadilishanaji: toa foraji moja, jaribu kuiweka kwenye kila kiwanja kilichobaki wazi, ukipata nafuu ibakie huko, rudia mpaka pasiwepo nafuu tena. Njia hiyo ya ubadilishanaji ilichapishwa na Teitz na Bart mwaka 1968, ina mistari michache ya programu, na bado ni ngumu kuishinda.

Mwingine atauliza: kwa nini viwanja tu, kwa nini si popote barabarani? S. L. Hakimi alithibitisha katikati ya miaka ya 1960 kwamba, kwenye mtandao wa njia, ukitafuta jumla ndogo ya mwendo, daima lipo jibu bora lililoko kwenye makutano au mahali penye watu. Hivyo huhitaji kuikagua barabara hatua kwa hatua. Ukitumia kipimo cha aliye mbali kabisa, habari hiyo haishiki: jibu linaweza kuwa katikati ya njia. Ona jinsi kipimo kinavyobadilisha hata hesabu.

Kipushi kuna sharti moja ambalo usilisahau hata kidogo. Mji huu umekaa na machimbo na mabaki ya viwanda kwa miaka mia. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha viwango vikubwa vya kobalti na metali nyingine katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viyeyushio vya Katanga. Kwa hiyo kiwanja kilicho jirani na lundo la mabaki ya mgodi kisiingie kwenye orodha yako kabla maji yake hayajapimwa maabara. Usilifanye jambo hilo kuwa adhabu ya pointi ndani ya kipimo, kana kwamba sumu inaweza kufidiwa na mwendo mfupi. Lifanye sharti. Kiwanja hakijapimwa, kitoke.

Data yenyewe: tembea na simu yenye GPS, weka alama kwenye kila kundi la nyumba na kila kiwanja kinachopendekezwa, hesabu milango. Usiandike majina ya wenye nyumba wala namba zao za simu, huvihitaji. Ramani huru ya OpenStreetMap itakupa barabara, lakini vichochoro ambavyo watu hupita kwa mguu utaviongeza mwenyewe, na ramani itakuwa imefaidika.

Lori, mkate na matope

Tatizo la mchuuzi lina sura ya kweli ambayo ni nzuri zaidi: magari kadhaa, kila moja na uwezo wake wa kubeba, maduka mengi ya kupelekea mzigo, na saa za kufika. Dantzig na Ramser waliliandika mwaka 1959 wakiwa wanafikiria malori yanayosambaza mafuta kwenye vituo. Huko Lubumbashi lichukue kwa mtu mwenye tanuri la mikate anayesambazia vibanda vya komuni za Kenya, Kamalondo na Katuba kabla ya saa moja asubuhi, au kwa muuza makaa mwenye gari moja na wateja waliotawanyika.

Vituo 15 vinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni 1.3. Namba hiyo huwatisha watu bure. Mwaka 2006 timu ya akina Applegate, Bixby, Chvátal na Cook ililitatua kwa uhakika kamili tatizo la mchuuzi lenye nukta 85,900. Ukubwa peke yake umeshashindwa. Kinachosumbua ni kwamba barabara ya kwenda na ya kurudi hazilingani, kwamba mvua ikinyesha usiku njia ya dakika kumi inakuwa ya dakika arobaini, na kwamba mteja wa nne hafungui kibanda mpaka mwanawe aende shule.

Ndiyo maana ninakushauri upime muda, uachane na kilomita. Kaa na dereva wiki moja, uandike saa ya kutoka na saa ya kufika kila kituo. Kisha tumia OR-Tools, maktaba huru ya Google, ambayo ina kitatuzi cha njia za magari kinachokubali masharti ya saa na ya mzigo. Ukipenda kuandika mwenyewe, jaribu algorithimu ya chungu. Marco Dorigo aliianzisha katika tasnifu yake ya Milan mwaka 1992, akaiendeleza miaka mingi katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels: wadudu wa kubuni wanapita njia, wanaacha harufu, kwenye njia fupi harufu inarundikana, na harufu inayeyuka polepole ili kundi lising'ang'anie kosa la mapema. Hiyo ya kuyeyuka ndiyo roho ya njia yenyewe. Ukiiondoa, kundi zima litashikilia njia ya kwanza liliyoiokota.

Sharti la adabu: jibu lako lilinganishe na njia anayoipita dereva leo, wala usililinganishe na njia ya kubahatisha. Kuishinda bahati nasibu ni rahisi. Dereva mwenye miaka kumi barabarani ni kitatuzi kizuri kuliko unavyodhani, na ukimpunguzia robo saa kwa siku umefanya kazi ya kweli.

Pampu na umeme wa kukatika

Umeme wa Katanga unatoka mbali. Sehemu yake inasafiri kwenye laini ya Inga–Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982 na yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Sehemu nyingine inatoka kwenye mabwawa ya hapa hapa, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira. Mahitaji ya migodi na miji yamezidi kinachopatikana, na delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, imekuwa sehemu ya maisha. Mwenye pampu na tanki anaishi na swali hili: niwashe saa ngapi, ili tanki lisikauke na jenereta isinilie faida?

Hili ni tatizo zuri sana la kujifunzia, kwa sababu jibu kamili linapatikana. Gawa siku katika saa 24, na kila saa pampu iwe imewashwa au imezimwa: mipango 16,777,216. Hata kuijaribu yote inawezekana. Ukiwa na pampu tatu, mipango inavuka uwezo wa kompyuta yako, lakini Richard Bellman alishatoa dawa katika miaka ya 1950. Usifuatilie mipango yote. Fuatilia ujazo wa tanki. Kwa kila saa na kila kiwango cha maji, hifadhi gharama ndogo kabisa ya kutoka hapo hadi mwisho wa siku, ukianzia saa ya mwisho kurudi nyuma. Jedwali la mistari mia chache linameza mabilioni ya mipango.

Halafu ongeza shaka. Umeme uliotarajiwa saa nne usiku huenda usije. Andika kwa wiki kadhaa saa ulizouona umeme na saa ulizoukosa, kisha badala ya kupanga kwa siku moja ya kufikirika, panga kwa siku zote ulizoziandika kwa pamoja, ukidai kwamba tanki lisikauke hata katika siku mbaya. Mpango utakaopatikana utakuwa ghali kidogo katika siku nzuri, lakini utafanya kazi siku ya shida.

Mgodi wa Kipushi wenyewe ulionja ubaya wa pampu kushindwa. Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha, Gécamines ikaurithi, shughuli zikasimama mwaka 1993, na mwaka 2011 pampu zilipolemewa maji yakafurika ndani ya mashimo. Miaka ilipita maji yakisukumwa nje kabla ya uchimbaji kufikiriwa tena. Uzalishaji wa zinki ulirejea mwaka 2024 chini ya Ivanhoe Mines na Gécamines.

Mgodini: pale ambapo kila jaribio lina bei

Mgodi una matatizo ya kutafuta jibu bora kwa kila idara. Wachimbaji wa chini ya ardhi hupanga utaratibu wa vyumba: hiki kikishatolewa mawe lazima kijazwe na kujikaza kabla ya jirani yake kufunguliwa. Masharti ya namna hiyo, ya nani atangulie nani, huandikwa vizuri kwa programu ya namba kamili. Kwa machimbo ya wazi, Lerchs na Grossmann walitoa mwaka 1965 njia ya kupata umbo la shimo lenye faida kubwa kuliko yote, na watoto wa njia hiyo bado wanatumika.

Lakini tatizo linalonivutia zaidi liko kwenye kiwanda cha kuchenjua. Mawe ya sehemu iitwayo Big Zinc, iliyo zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, yana zinki takriban asilimia 35, kiwango ambacho ni nadra duniani. Hata hivyo zinki lazima itenganishwe na mwamba. Mawe husagwa, unga huchanganywa na maji na kemikali, hewa hupulizwa, na madini hupanda na povu. Usage mpaka unga uwe laini kiasi gani? Chokaa kiasi gani? Salfati ya shaba kiasi gani ya kuiamsha zinki ishike povu? Ukisaga kidogo, madini yanabaki yamefungwa ndani ya mwamba. Ukisaga mno, umeme unakwenda bure na unga mwembamba haushiki povu vizuri.

Hapa algorithimu za jenetiki, zile za John Holland wa 1975, ambazo huzalisha majibu kizazi baada ya kizazi, hazifai ukizitumia moja kwa moja. Zinataka majaribio maelfu, na kila jaribio la maabara linakula sampuli, kemikali na nusu siku ya fundi. Unahitaji algorithimu bahili, inayofikiri sana kabla ya kuomba jaribio moja. Ndiyo kazi ya mbinu ya Bayes: kutokana na majaribio machache inajenga makisio ya matokeo pote, pamoja na kiasi cha shaka kila mahali, kisha inapendekeza jaribio linalofuata pale penye matumaini au penye shaka kubwa.

Makisio hayo yana asili ambayo msomaji wa Katanga anapaswa kuijua. Mwaka 1951 Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kuhusu kukisia kiasi cha dhahabu kati ya mashimo ya utafiti. Mfaransa Georges Matheron akaipa kazi hiyo msingi wa kihesabu na kuiita kwa jina la Krige. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyo ndani ya mbinu ya Bayes inayotumiwa leo kurekebisha mifumo ya akili mnemba duniani kote. Ilizaliwa kwenye migodi ya kusini mwa Afrika, kwa ajili ya watu wenye sampuli chache na maswali mengi.

Huna ruhusa ya kuingia kiwandani? Mbinu ifanyie mazoezi kwenye jambo lolote ambalo jaribio lake ni ghali: mchanganyiko wa matofali ya udongo na saruji, mbolea na nafasi kwenye shamba la mahindi. Majaribio ishirini yaliyochaguliwa vizuri yanaweza kukupa zaidi ya mia moja ya kubahatisha.

Nje ya mgodi, ratiba ya shule niitaje kwa ufupi, kwa kuwa vitabu vimeijaza. Penye zamu ya asubuhi na ya mchana, na walimu wanaofundisha shule mbili, anza na kitatuzi cha masharti kilichomo ndani ya OR-Tools. Kitakuambia jambo ambalo mkuu wa masomo anahitaji kulijua kabla ya yote: kama ratiba inayodaiwa inawezekana au haiwezekani.

Kupima kazi yako kwa uaminifu

Usipende algorithimu moja. Wolpert na Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba, ukichukua matatizo yote yanayoweza kufikirika, hakuna algorithimu inayoishinda nyingine kwa wastani. Ushindi unatokana na kuujua muundo wa tatizo lako. Kwa hiyo anza na kilicho rahisi. Kama masharti na kipimo ni vya mstari ulionyooka, na jibu linaruhusiwa kuwa na sehemu (si namba kamili tu), simpleksi ya Dantzig ya mwaka 1947 itakupa jibu kamili, na hakuna sababu ya kuita kundi la chungu.

Algorithimu zinazotumia bahati ziendeshe mara thelathini kwa mianzo tofauti, uonyeshe jibu la katikati na lile baya kuliko yote. Kuchagua jibu zuri kuliko yote na kulitangaza ni udanganyifu, hata kama hukukusudia. Unapotumia njia ya Kirkpatrick na wenzake ya 1983, inayoiga chuma kinavyopoa, poza polepole: mwanzoni iruhusu programu ikubali hata majibu mabaya, na uvumilivu huo upungue kidogo kidogo. Wengi hupoza haraka mno, halafu hulaumu njia.

Na kwa sababu umeme utakatika, programu yako ihifadhi jibu bora na hali yake kwenye faili kila baada ya dakika chache, na ikiwashwa iendelee ilipoishia. Mistari kumi ya ziada inaokoa usiku mzima wa hesabu.

Ukishapata jibu, lichore kwenye karatasi, si kwenye skrini, ulipeleke kwa waliokupa kipimo. Waonyeshe majibu mawili au matatu na gharama ya kila moja. Wakisema jibu lako haliwezekani, usibishane. Waulize sababu, nawe utapata sharti ambalo hukulijua. Liandike, endesha tena, rudi kwao. Programu na data yako, isiyo na majina ya watu, iache mahali ambapo mwanafunzi mwingine ataikuta.

Huku Haut-Katanga mvua huanza kukolea Novemba. Pima mwendo na njia za kartie yako kabla ya hapo, visima vingine vya mkono vikiwa vimekauka na foleni ndefu zikionekana, kisha upime tena Januari barabara zikiwa matope. Jibu litakalosimama katika vipimo vyote viwili ndilo la kumpelekea shefu wa kartie.